Shimo jeusi likiisha, kilichomezwa kiko wapi?

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ndogo ya Wamarekani. Kwa heshima ya siku hiyo setilaiti ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kulitazama anga kwa eksirei, na miongoni mwa vitu ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, chanzo ambacho eksirei zake zilipanda na kushuka mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kitu kinachobadilika kwa kasi hiyo hakiwezi kuwa kikubwa. Wanaastronomia walipopima mwendo wa nyota iliyo jirani yake, wakaona kuwa kitu hicho ni kizito mno kuwa nyota iliyokufa ya aina yoyote waliyoijua. Ndicho cha kwanza ambacho wataalamu wengi walikubali kukiita shimo jeusi.

Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinasema lina masi takriban mara 21 ya Jua, nalo liko umbali wa zaidi ya miaka 7,000 ya nuru. Kama lisingekuwa linazunguka, upana wake ungekuwa kilomita 125 hivi, karibu sawa na mwendo wa barabara kutoka Mombasa hadi Malindi. Nitalitumia shimo hili hili hadi mwisho, kwa sababu tatizo ninalotaka kulifafanua huteleza mkononi haraka likijadiliwa juu ya mashimo ya kufikirika.

Tatizo lenyewe hujulikana kama fumbo la taarifa. Maelezo mengi yanayozunguka mitandaoni huenda hivi: shimo jeusi humeza kila kitu, basi taarifa hupotea, na fizikia hairuhusu taarifa zipotee. Ukilichukua hivyo hutaelewa kwa nini watu wenye akili zao timamu wamebishana tangu mwaka 1976 hadi leo. Kumeza si tatizo. Tatizo ni kwamba shimo lenyewe nalo huisha.

Taarifa, kwa wanafizikia, ni maelezo kamili ya hali ya kitu: kila chembe iko katika hali gani na imefungamana vipi na nyingine. Tuseme mwenye duka ana daftari la mikopo, na wadaiwa wake wameliiba usiku wakalitia moto. Kwetu sisi madeni yamekwisha. Kwa sheria za fizikia hayajaisha. Moshi, majivu, joto na mwanga wa moto ule vingekuwa tofauti kidogo sana kama ukurasa mmoja ungekuwa na jina jingine, na mtu ambaye angenasa kila chembe ya moshi na kila mwale wa mwanga angeweza, kwa kanuni, kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye wino. Hakuna atakayeiweza kazi hiyo. Lakini kinachomzuia ni uchache wa uwezo wake. Sheria za maumbile hazikumzuia.

Hesabu za fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa, zina tabia hii ndani yake: hali mbili zilizo tofauti leo haziwezi kuishia kuwa hali moja kesho. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayohakikisha kwamba ukijumlisha uwezekano wa matokeo yote unapata 1, si zaidi wala pungufu. Ukiilegeza mahali pamoja, unatikisa nadharia nzima, na nadharia hiyo ndiyo iliyotupa transista na leza.

Sasa upande wa pili. Nadharia ya Einstein ya mwaka 1915 inasema graviti ni kupinda kwa anga na wakati. Mwaka uliofuata Karl Schwarzschild, akiwa mwanajeshi wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alichapisha jawabu la kwanza kamili la milinganyo ya nadharia hiyo, na ndani ya jawabu lake, bila mtu kulitambua vizuri kwa miaka mingi, kulikuwa na shimo jeusi. Mpaka wake huitwa upeo wa matukio. Usiufikirie kama ukuta. Ni mstari ambao ukishauvuka, njia zote za mbele zinaelekea ndani, hata kwa mwanga. Kwa nadharia ya Einstein, mahali penyewe pa mpaka hapana alama wala kishindo; anayevuka hatagundua kitu. (Kwa Cygnus X-1 angekuwa ameraruka kabla ya kufika, kwa sababu graviti ingeivuta miguu yake kwa nguvu kuliko kichwa. Kwenye mashimo makubwa kweli, kama lile la katikati ya galaksi yetu, angepita salama.)

Tupa daftari zima ndani ya Cygnus X-1. Shimo litaongezeka masi kidogo, basi. Kwa nje, shimo jeusi lililotulia hutambulika kwa mambo matatu tu: masi, mzunguko na chaji ya umeme. John Wheeler, profesa wa Princeton, alipenda kusema mashimo meusi hayana nywele. Je, taarifa za daftari zimepotea? Bado. Ziko ndani, hatuzioni, lakini zipo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili ya hilo.

Aliyechokoza nyuki alikuwa mwanafunzi wa Wheeler, Jacob Bekenstein. Wheeler alikuwa amemtania kwamba ukichanganya chai ya moto na chai baridi unaongeza entropi ya ulimwengu, na hilo ni kosa lisilofutika. Lakini ukikitupa kikombe ndani ya shimo jeusi, unaficha ushahidi. Entropi ni kipimo cha namna ngapi chembe zinaweza kupangwa bila mtazamaji wa nje kuona tofauti, na sheria inasema jumla yake haipungui. Bekenstein alikataa kuamini kwamba shimo jeusi ni kichaka cha kufichia makosa. Alipendekeza kwamba shimo lenyewe lina entropi, na kwamba kiasi chake kinalingana na eneo la upeo wa matukio.

Eneo, si ujazo. Hapa wengi hupita haraka, nami nadhani ndipo palipo na uzito wote wa jambo hili. Chumba cha hewa kikiongezwa ukubwa, entropi yake inaongezeka kwa kadiri ya ujazo. Shimo jeusi linahesabu kwa uso wake, kana kwamba kilichomo kimeandikwa juu ya ngozi. Na kiasi chenyewe kinatisha: shimo lenye masi ya Jua moja lina entropi ambayo, kwa vizio vya asili wanavyotumia wanafizikia, ni 1 ikifuatiwa na sifuri 77, ilhali Jua lenyewe linaishia kwenye sifuri 58 hivi.

Stephen Hawking, mwanafizikia wa Cambridge, hakulipenda wazo hilo. Mwaka 1971 alikuwa amethibitisha kwamba eneo la upeo halipungui, lakini aliona Bekenstein amelinyoosha jambo kupita kiasi. Kitu chenye entropi na nishati lazima kiwe na halijoto, chenye halijoto hutoa mnururisho, na shimo jeusi halitoi kitu. Septemba 1973 alikwenda Moscow, akazungumza na Yakov Zeldovich na Alexei Starobinsky, akarudi Cambridge na kufanya hesabu mwenyewe. Jibu likawa kinyume na alivyotarajia: shimo linang'aa. Alilitangaza mwaka 1974.

Kinachotokea ni hiki. Ombwe, katika fizikia ya kwanta, si utupu kabisa. Nyuga zake zinatikisika daima, na mtikisiko wa mahali pamoja umefungamana na wa mahali jirani, kiasi kwamba huwezi kueleza mmoja kikamilifu bila mwingine. Upeo wa matukio unapozaliwa, unawatenga majirani hao: mmoja ndani, mmoja nje. Sehemu ya mtikisiko wa nje huondoka kama mnururisho wenye nishati, na nishati hiyo hulipwa na masi ya shimo. Ile picha maarufu ya chembe mbili zinazozaliwa ukingoni na moja ikatumbukia ilitolewa na Hawking mwenyewe kwa ajili ya kurahisisha, ila hesabu zake hazikwenda hivyo, na anayeing'ang'ania hukwama mapema.

Kwa Cygnus X-1 halijoto hiyo ni kama kelvini 0.000000003. Anga lenyewe, kwa masalio ya joto la mwanzo wa ulimwengu, lina kelvini 2.7. Maana yake leo shimo hilo linapokea kuliko linavyotoa, linanenepa. Litaanza kukonda siku ulimwengu utakapokuwa umepoa kuliko lenyewe, na kuanzia hapo lingehitaji miaka ambayo idadi yake ni 1 yenye sifuri 71 nyuma yake. Umri wa ulimwengu mpaka sasa ni miaka bilioni 13.8. Hakuna atakayekaa kusubiri, na kwa sababu hiyo hiyo mnururisho wa Hawking haujaonekana kutoka kwenye shimo jeusi lolote la angani. Fumbo lote ni la kanuni, si la vipimo.

Lakini kanuni ilibanwa vibaya. Mnururisho wa Hawking unategemea mambo yale yale matatu ya nje: masi, mzunguko, chaji. Haujui kama ndani lilitupwa daftari, jiwe au nyota. Mashimo mawili yenye masi ileile, moja lililotokana na daftari na jingine na mawe, yatatoa mnururisho uleule, yatapungua vilevile, yatatoweka vilevile, na mwishoni kutabaki mnururisho usio na tofauti. Hali mbili zimekuwa moja. Sasa huwezi tena kusema taarifa ziko ndani, kwa sababu hakuna ndani. Mwaka 1976 Hawking aliandika wazi kwamba fizikia ya kwanta inavunjika hapo. Einstein alikuwa amekataa kwamba Mungu anacheza kamari na ulimwengu. Hawking akajibu kwamba si kucheza tu, wakati mwingine hutupa kete pasipoweza kuonekana.

Msomaji atauliza: kwani haiwezekani taarifa zikatoka mwishoni kabisa, shimo likiwa limebaki dogo na nadharia zetu hazifai tena? Swali zuri, na limejaribiwa. Shida ni kwamba shimo la mwisho lina masi ya takriban mikrogramu 20, na litabidi libebe taarifa za kila kilichowahi kumezwa, ziwe za nyota moja au milioni. Kitu kidogo chenye hali za ndani zisizo na kikomo kinaleta balaa jingine: vitu vya namna hiyo vingepaswa kuzaliwa kirahisi popote penye nishati ya kutosha, na hatuvioni. Au labda Hawking alipuuza masahihisho madogo madogo, nayo kwa wingi wake yanabeba taarifa kidogo kidogo? Samir Mathur alionyesha mwaka 2009 kwamba hayatoshi. Kama kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayotoka imefungamana karibu kikamilifu na mwenzake wa ndani, marekebisho madogo hayageuzi mkondo. Unahitaji mabadiliko makubwa, mahali ambapo Einstein anasema hakuna kitu.

Don Page aliifanya hoja hii iwe kali kuliko wote. Mwaka 1993 alihesabu jinsi ufungamano kati ya shimo na mnururisho wake ungepaswa kubadilika kama taarifa hazipotei. Mwanzoni unapanda, kwa sababu kila fotoni mpya huacha mwenzake ndani. Lakini shimo lina nafasi yenye kikomo, kikomo kile cha Bekenstein, na linazidi kupungua. Likifika takriban nusu ya njia kwa kipimo cha eneo lake, haliwezi tena kubeba ufungamano zaidi. Mstari lazima ugeuke na kushuka mpaka sifuri. Kwa hesabu za Hawking mstari haugeuki kamwe. Angalia ugomvi unaanzia wapi: Cygnus X-1 wakati huo lingekuwa bado na masi zaidi ya mara 14 ya Jua, kubwa, limetulia, mahali ambapo hakuna mwanafizikia angetarajia nadharia ya Einstein iyumbe. Kisingizio cha "mwishoni kabisa" kinakufa hapo.

Wakati Page anachora mstari wake, Gerard 't Hooft wa Uholanzi na kisha Leonard Susskind wa Stanford walilichukua lile jambo la eneo na kulisukuma mbali: pengine yote yaliyomo ndani ya anga fulani yanaweza kuelezwa kikamilifu na nadharia inayoishi kwenye mpaka wake. Lilionekana kama wazimu mpaka mwaka 1997, Juan Maldacena, mzaliwa wa Argentina, alipotoa mfano wake kamili. Katika ulimwengu wa aina maalumu, uliopinda tofauti na wetu, nadharia ya graviti ya ndani ni sawa na nadharia ya kawaida ya kwanta ya mpakani isiyo na graviti hata chembe. Nadharia ya mpakani haipotezi taarifa. Basi shimo jeusi la ndani nalo halipotezi.

Mwaka huohuo Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau na mwanafizikia mwenzao John Preskill, wao wakisema taarifa hupotea, yeye akikana. Hawking alipenda dau. Mwaka 1974 alikuwa ameweka jingine na Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi, akidai ni bima yake: kama mashimo meusi hayapo na kazi yake imeharibika, angalau apate ushindi wa dau. Hilo alilikubali kuwa amelipoteza mwaka 1990. Hili la pili alilikubali Julai 2004, mbele ya mkutano wa Dublin, akamkabidhi Preskill ensaiklopidia ya mchezo wa besiboli. Thorne hakukubali kushindwa, na Preskill mwenyewe alikiri kwamba hakuelewa vizuri maelezo ya Hawking. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki. Hawking alikuwa amebadili upande, lakini hakuonyesha kosa la hesabu zake za 1974 liko wapi.

Kutolijua kosa hilo kulikuja kuuma mwaka 2012. Ahmed Almheiri, mwanafizikia wa Falme za Kiarabu, pamoja na Donald Marolf, Joseph Polchinski na James Sully, wote wakiwa California, waliuliza swali la mtoto mdogo. Fotoni inayotoka baada ya mstari wa Page kugeuka lazima ifungamane na mnururisho uliotangulia, ndivyo taarifa zinavyorudi. Lakini ili anayevuka upeo asihisi kitu, fotoni hiyohiyo lazima ifungamane na mwenzake wa ndani. Ufungamano kamili hauruhusu wake wenza: ukiwa kamili na mmoja, kwa mwingine ni sifuri. Basi chagua. Ama taarifa zinapotea, ama upeo wa matukio ni ukuta wa moto unaomteketeza anayeugusa, ama kuna jambo la msingi hatulielewi kuhusu umbali na mahali. Maldacena na Susskind walijibu mwaka 2013 kwamba ufungamano na mapitio ya siri ndani ya anga huenda ni kitu kimoja, na kwamba mwenzake wa ndani na mnururisho wa mbali si watu wawili. Jibu zuri, lakini wakati huo halikuwa hesabu.

Hesabu ilikuja Mei 2019, kwa makala mbili zilizotoka karibu pamoja: moja ya Geoffrey Penington, nyingine ya Almheiri, Netta Engelhardt, Marolf na Henry Maxfield. Walitumia kanuni ya kupima ufungamano kwa maeneo ya nyuso, iliyochipuka kutoka kazi ya Wajapani Shinsei Ryu na Tadashi Takayanagi ya mwaka 2006, wakagundua kwamba baada ya nusu ya njia uso unaohusika unaruka ghafla, unatua karibu kabisa na upeo wa matukio. Tafsiri yake inashtua. Sehemu kubwa ya ndani ya shimo, kisiwa kama wanavyokiita, inabidi ihesabiwe kuwa ni mali ya mnururisho ulioko nje, hata kama uko umbali wa miaka ya nuru. Ukiihesabu hivyo, mstari unageuka, unashuka, kama Page alivyotaka. Na hapakuhitajika nadharia mpya. Graviti ya kawaida, ikihesabiwa kwa uangalifu zaidi kuliko alivyoweza Hawking, ilitosha.

Magazeti yakaandika kwamba fumbo limefumbuliwa. Mimi sikubali, na wengi waliofanya kazi hiyo hawakusema hivyo. Hesabu hizo zinatoa kiasi cha ufungamano kila wakati, lakini haziandiki hali yenyewe ya mnururisho. Hazisemi fotoni ya leo ilipata wapi habari za daftari la jana. Mingi ya mifano iliyotumika ni ya vipimo viwili vya anga-wakati, au ya ulimwengu ule wa Maldacena uliounganishwa na hodhi la nje lisilo na graviti, na wakosoaji wanasema muunganiko huo hubadilisha graviti yenyewe, isiwe tena ile tuijuayo. William Unruh na Robert Wald, wakongwe wa fani, wanaendelea kushikilia kwamba taarifa hupotea na kwamba hakuna ubaya wowote katika hilo. Siwafuati, ila hoja zao hazijavunjwa, zimeachwa tu pembeni na wimbi.

Kinachonivutia zaidi ni swali lililozuka kutokana na kisiwa. Kama ndani ya shimo kumeandikwa ndani ya mnururisho wa nje, je, mtu aliyeukusanya wote anaweza kuushika na kumgusa aliyeko ndani? Daniel Harlow na Patrick Hayden walikuwa wameshaliangalia jambo hilo mwaka 2013 kwa jicho la kompyuta. Walitoa hoja kwamba kuzisoma taarifa hizo kutoka kwenye mnururisho, hata kwa kompyuta ya kwanta isiyo na dosari, kunaelekea kuhitaji hatua zinazokua kwa kasi ya kutisha kadiri entropi inavyokua, muda mrefu kuliko uhai wa shimo lenyewe. Unapomaliza kusoma, upeo haupo tena wa kuvukwa, wala ukuta wa moto wa kuujaribu. Kwa hiyo siku hizi katika mikutano ya mashimo meusi utawakuta wataalamu wa ugumu wa hesabu za kompyuta wakiwa ubaoni, wakibishana ni kazi gani maumbile yenyewe hayawezi kuimaliza kwa wakati.